Bwege wa Tura

Jumatatu, 1 Julai

Asali imefika toka Sikonge. Nyeusi, ya miombo yenyewe. Nimeichuja kwa khanga kuukuu ya mke wangu, Mama Shaabani, amenuna, nimemwambia asali haichujwi kwa maneno. Baridi kali. Asubuhi mpaka niweke dumu juani ndipo imiminike.

Kibandani watu kama kawaida. Si wote wanaokuja kununua. Wanakuja kunisikiliza, najua. Leo nimewapa asili ya matusi. Si matusi ya nguoni, hayo sitamki mbele ya wateja. Haya ya wajinga. Kijana mmoja wa bodaboda alimwita mwenzake zoba. Nikawaambia ngojeni, mnajua mnachosema? Hawajui. Mtaa wetu mzima wa Kanyenye hakuna anayejua ila mimi.

Nikawapa. Limbukeni: anayelimbuka, anaonja mavuno mapya, mdomo wenyewe unamshangaa. Hilo kweli, bibi yangu alilisema. Punguani: kapungua. Hamnazo: akili zimetafutwa humo kichwani, hamnazo. Hayo yako wazi, hayanipi sifa. Basi nikaingia kwenye yangu. Zuzu nikasema ni nyuki dume. Hatafuti asali, halindi mzinga, anazunguka tu, zuu, zuu, anangoja kulishwa. Niliitunga hapo hapo mdomo ukiwa wazi. Wameipenda. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaiamini na mimi.

Lofa nikawaambia alikuwa Mjerumani mkubwa wa stesheni, akilala kutwa, treni zinampita. Asha alikuwa anapita toka shule na madaftari yake. Akasema, "Mjomba, lofa ni Kiingereza. Mzururaji tu." Nikamwambia Waingereza nao walilichukua kwa Mjerumani, pamoja na stesheni yenyewe. Alicheka kwa pua. Huyo ndiye mpwa wangu, mwalimu. Ananipenda lakini ananisahihisha.

Mimi niliishia darasa la tano. Si kwa kufeli. Mwalimu alichoka maswali yangu.

Jumatano, 3 Julai

Jumamosi wanakuja kwa ajili ya Asha. Barua ya posa ya Rajabu ilishajibiwa. Sasa baba yake Rajabu anatoka Dar mwenyewe na mahari, siku ya ndoa ipangwe.

Asha ana miaka thelathini na tatu. Mama yake, dada yangu, alifariki yeye akiwa na kumi na moja. Tokea hapo yuko humu ndani. Mimi ndiye mlango wake. Mchumba wa kwanza aliondoka mwenyewe. Wa pili wanasema nilimwondoa mimi. Niliwasimulia wajomba zake nilivyomuua simba kwa kisu cha kurinia asali. Wakaomba kuiona ngozi. Sikuwa nayo. Wakasema mwenye nyumba akiwa hivi, binti atakuwaje?

Ngozi tu. Simba alikuwepo. Kwa mbali, lakini alikuwepo.

Leo Asha alikuja jikoni nikinawa. Akasema, "Mjomba, safari hii uwe mfupi." Hakucheka. Nikaahidi.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Walifika saa nne. Baba mtu, Mzee Ramadhani, mstaafu, alikuwa karani wa mahakama. Nduguze wawili. Rajabu. Mshenga wetu mbele. Niliambiwa wanatoka Mbagala. Mtu wa Mbagala ni nani kama si Mzaramo? Sikuuliza. Mimi siulizi kabila. Namtambua Mzaramo kwa anavyovua viatu mlangoni, nimelisema hilo miaka ishirini.

Na Mzaramo ni mtani wetu. Toka enzi za misafara. Mnyamwezi akishuka pwani na pembe, Mzaramo anampokea kwa matusi, naye anamrudishia, wanakula sahani moja. Mtani ukimsalimia kwa adabu umemtenga. Lazima umpokonye kitu. Lazima umtukane mpaka ajue amefika. Akifa unamchimbia kaburi huku unamtukana. Ndivyo tulivyolelewa.

Nikamwendea mzee hajakaa. Nikamnyofoa kofia kichwani. Nikaivaa mimi. Nikapaza sauti: "Bwege wewe! Kofia ya nani hiyo umevaa?"

Wa kwetu wakacheka. Mama Shaabani akapiga kigelegele. Nikangoja anirudishie.

Hakunirudishia. Alisimama kichwa wazi, upara, mikono imelala ubavuni. Rajabu akatazama chini. Mshenga akaja sikioni: "Hawa Wapare, bwana. Wa Usangi. Mbagala wamejenga tu."

Mpare na mimi hatuna utani. Hata chembe. Nimemvua kofia mtu mzima mbele ya mwanawe, nimemwita mjinga, ndani ya nyumba yangu, siku ameleta mahari.

Nilimwona Asha kwenye pazia la chumba. Uso wake siwezi kuuandika.

Mtu mwingine angeomba radhi. Maneno mawili tu. Mimi nikafungua mdomo. Nikasema, mkwe, usinielewe vibaya, bwege huku kwetu ni cheo. Kwenye msafara kirangozi anatangulia na bendera, na bwege anafunga safu nyuma kabisa. Ndiye anayekabidhiwa sanduku la thamani kuliko yote, maana ndiye mtu asiyetupa mzigo. Wengine wakichoka wanatupa, wanatoroka. Bwege hatupi. Watu wa pwani hawakuelewa, wakamwona mjinga, jina likaharibika njiani. Nikasema wa kwanza kuitwa hivyo alivuka nyika ya Mgunda Mkali, siku kadhaa hakuna maji, sanduku kichwani. Akafika kijiji cha Tura. Akalitua. Akafa. Kaburi lake lipo Tura mpaka leo.

Yote hayo pumzi moja. Kofia yake bado iko kichwani kwangu.

Mzee Ramadhani alisogea karibu. Akanyoosha mkono, nikampa kofia. Akaivaa taratibu. Akauliza, "Kaburi hilo wewe umeliona?" Nikasema nimeliona kama ninavyokuona.

Akasema basi nipeleke Alhamisi. Mahari hakuitoa. Bahasha ilibaki mfuko wa ndani wa koti. Akasema atazungumza habari ya ndoa akisharudi toka Tura. Wakarudi nyumba yao ya wageni. Pilau ya watu arobaini imebaki.

Jumapili, 7 Julai

Asha hasemi na mimi. Ananipa chai, anaweka kikombe, anaondoka. Angepiga kelele ningejitetea.

Mama Shaabani kasema, "Baba Shaabani, mdomo wako utatuzika wote." Halafu akaenda kugawa pilau kwa majirani.

Nimefikiria kuugua. Nimejilaza, nimejifunika blanketi, nimesema malaria. Asha akatoka bila neno akarudi na muuguzi wa zahanati na kipimo. Kipimo kimekataa.

Jumatatu, 8 Julai

Kibandani wameshasikia. Vijana wa bodaboda wanaitana bwege leo, wanapigiana saluti. "Bwege, pakia abiria." "Sawa, bwege." Mmoja kaliandika kwenye tangi la pikipiki.

Nilitaka kuwaambia acheni. Mmoja akauliza bwege alikuwa anavaa nini. Nikasema shuka nyekundu. Mwingine akauliza alikuwa anakula wa ngapi. Nikasema wa kwanza, kabla hata ya kirangozi. Kila anayeuliza namwongezea. Siwezi kuacha. Naona kabisa ninavyojifungia na naendelea kupiga misumari.

Nyegere huwa anaingiza kichwa ndani ya mzinga kufuata asali. Anakula. Anakula na nyuki wanamuuma. Kichwa kikishavimba hakitoki. Nimewahi kumkuta mmoja, amekufa hivyo, miguu nje. Hii si hadithi. Nilimkuta kweli.

Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda Tura kwa basi la alfajiri, Mama Shaabani nimemwambia nafuata asali. Kweli nilikwenda kwa Shija, ananiuzia asali miaka mingi. Nilimkuta anapepeta karanga. Tukaamkiana, mwangaluka, mwangaluka. Nikamwambia nataka kaburi.

"La nani? Nani kafa?"

Nikasema hajafa mtu. Nataka la zamani. Akaniangalia kama amesikia harufu. Nikamweleza yote, maana Shija humdanganyi, ananijua toka nikiuza viberiti. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maganda.

Nyuma ya nyumba yake, pembeni ya shamba, kuna chungu ya mawe. Baba yake aliyatoa shambani akisafisha ardhi, na yeye anaongeza kila mwaka. Imelala ndefu ndefu. Ukitaka kuona kaburi unaliona. "Hayo ni mawe ya karanga, Selemani," akasema. "Lakini kama mtu anataka kuyaamkia, mimi siwezi kumkataza kuamkia mawe." Akaniuliza marehemu alikuwa anaitwa nani, asije akakosea mbele ya mgeni.

Nikasema Bwege inatosha.

Tumeng'oa majani, tumepanga mawe mawili ya kichwani. Nimerudi na vumbi. Mikono inanuka udongo. Mtu mzima wa miaka hamsini na nne, nimeshinda nikimjengea mtu ambaye hakuzaliwa.

Jumatano, 10 Julai

Leo Asha amesema. Alikuwa anapiga pasi kanzu yangu ya kesho. Bila kuinua macho: "Mjomba. Kaburi lipo?"

Nikasema lipo.

Akanyoosha ukosi. Akasema watoto darasani wamemuuliza habari za bwege, naye aliwaambia atawajibu Ijumaa, baada ya Mjomba kurudi. Akanitundikia kanzu. Akasema, "Mungu akusaidie."

Ameanza kuniamini. Miaka yote alikuwa haniamini na nilikuwa salama.

Alhamisi, 11 Julai

Tulikwenda kwa gari la mshenga. Yeye anaendesha, mimi na Mzee Ramadhani nyuma. Nilijiandaa kuongea njia nzima. Yeye ndiye aliyeongea.

Babu yake mzaa baba alichukuliwa Usangi kubeba mizigo wakati wa vita ya Mjerumani. Hakuandikwa yeye. Aliyeandikwa ni mdogo wake, mtoto wa juzi, hana nguvu. Babu akasema nitakwenda mimi. Akaacha mke na mtoto mchanga, ndiye baba yake Mzee Ramadhani. Walisikia msafara wao ulielekea huku kwetu, Unyanyembe. Hakurudi. Hakuna barua, hakuna mtu aliyemwona. Bibi alingoja mpaka naye akaondoka duniani.

Na kijijini, akasema, babu hakutajwa kwa jina lake. Aliitwa yule mjinga. Mjinga aliyejitwika mzigo usio wake. Baba yake alikua akiitwa mtoto wa mjinga. Yeye mwenyewe shuleni, mjukuu wa mjinga. Hata karani alipokuwa, mtu wa kwao akija mahakamani akikasirika analitoa.

"Jumamosi uliponiita lile neno," akasema, "nilitaka nitoke na mwanangu tusirudi tena. Halafu ukasema ni mtu asiyetupa mzigo."

Nilitazama dirishani. Miombo tu, haina majani. Nilitaka gari liharibike.

Shija alitupokea vizuri, kavaa shati safi. Hakucheka. Mzee akavua viatu mbali, akaenda peku. Akauliza kibla, Shija akamwonyesha. Akainua mikono. Alisoma muda mrefu, midomo tu. Nami niliinua yangu, sikusoma, nilishindwa hata Fatiha, niliisahau katikati, mimi niliyehitimu madrasa kabla ya wenzangu. Mzee machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Akasema huyu anaweza asiwe babu. Lakini alikuwa mwenzake.

Akatoa leso, akachota udongo baina ya mawe, akafunga fundo, akaweka mfuko wa shati. Shija alikuwa ananiangalia mimi. Hajawahi kuniangalia hivyo kwa miaka yote ya asali.

Sikusema. Njia nzima ya kurudi sikusema.

Ijumaa, 12 Julai

Mahari imetolewa. Baada ya sala ya Ijumaa walikuja wote, bahasha ikawekwa kwenye sinia, ndoa imepangwa mwezi wa nane. Vigelegele. Asha alinibusu mkono mbele ya watu. Hajawahi.

Mzee Ramadhani akasimama. Akasema ameshapiga simu Usangi. Ukoo umekubaliana. Mwezi wa nane wakija kwenye ndoa watakwenda Tura wote, wazee na watoto, na jiwe la kuchongwa. Litaandikwa jina la babu yake. Chini yake neno lile. Akasema tangu leo kwao mtu akiitwa mjinga atajibu, ndiyo, sisi hatutupi mzigo.

Watu walilia. Mshenga alilia. Mama Shaabani akaniminya mkono kwa furaha.

Nimepata kila nilichotaka.

Ukoo mzima utatoka Usangi kuja kuzuru mawe ya karanga. Na watoto. Watarudi kila mwaka. Na mimi nitasimama pale kila mwaka, nawaonyesha. Mpaka nife. Na hata nikifa Shija anajua.

Asha kaniambia watoto darasani walipiga makofi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemwambia Asha.

Alikuwa uani anasuuza nguo. Nilianza mbali, nikaanza na simba, akasema, "Mjomba, sema." Nikasema. Hakuna bwege. Hakuna sanduku. Ni mawe ya shamba la Shija, mawili niliyapanga mwenyewe Jumanne.

Alikaa juu ya ndoo. Maji yakawa yanatiririka bombani naye hayafungi. Nikafunga mimi. Nikamwambia tukinyamaza ndoa ipo. Nikisema, huenda haipo. Wewe ndiye mwenye kusema, mimi mdomo wangu nimeukabidhi kwako. Nilikuwa nataka aseme nyamaza. Naandika ukweli. Nilikuwa namwomba Mungu aseme nyamaza.

Akasema, "Siwezi kuingia kwenye nyumba yao nikiwa najua hilo. Kila Idi watakuwa wanamsomea dua." Halafu: "Nenda. Nenda sasa hivi, usioge."

Nikaenda na ndala.

Yuko nyumba ya wageni karibu na stesheni. Alikuwa amekaa uani anasoma Kurani, leso yenye fundo iko juu ya meza. Nikasema shikamoo, ingawa jana tulikuwa tunapeana mikono tu kama rika. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Mara ya kwanza maishani nimesimulia jambo likawa fupi. Neno ni tusi tu, mzee. Bwege ni mjinga. Sijui lilikotoka, hakuna mtu kibandani kwangu ajuaye. Nilikudhania mtani, nikaogopa, nikatunga.

Akafunga Kurani. Akauliza, "Na mawe?"

"Ya shamba. La karanga."

"Basi hata huku hayupo."

Nikasema sijui, mzee. Anaweza kuwa popote njia hii. Lakini pale hayupo.

Akaitazama leso mezani. Akasema, "Ulininyang'anya kofia, ukanirudishia. Hii sasa utanirudishiaje?"

Akasema nenda.

Jumapili, 14 Julai

Hakuna habari. Bahasha bado iko kabatini, hawajaidai. Rajabu hapokei simu ya Asha. Au hajapewa nafasi ya kupokea.

Asha kapika, kafagia, kasahihisha madaftari. Hajanilaumu. Nilimuuliza kama nifanye lolote akasema kaa tu, Mjomba.

Nimekaa.

Kibandani nimefika jioni mara moja. Nikawaambia ile ya bwege ni uongo. Wakacheka, wakasema huo ndio uongo, mzee anatufunga kamba. Yule wa tangi la pikipiki hataki kufuta. Nimesema kweli na haikufaa. Nimerudi nyumbani.

Jumatatu, 15 Julai

Treni yao ya Dar ilikuwa ya leo jioni. Asha akasema twende tukawasindikize, kwa heri au kwa shari mgeni anasindikizwa. Nikavaa kanzu na kofia yangu ya viua. Nimekuwa nikiwaambia watu nilipewa na mjukuu wa sultani. Niliinunua hapa hapa sokoni.

Nimechukua na kopo la asali, nzuri kuliko zote. Sikujua nitampa kwa maneno gani.

Stesheni watu wengi, matenga ya kuku, magunia. Tulisimama mbali kidogo. Mzee Ramadhani alikuwa ameshapanda, dirishani, behewa la pili. Rajabu alishuka akaja kwa Asha, wakaongea pembeni, sikusikia. Alishika mkono wake. Hilo niliona.

Nikasogea dirishani. Nikanyoosha kopo la asali. Akalipokea, akaliweka ndani. Fundo la leso liko palepale mfuko wa shati. Nililiona, naye aliona nimeliona. Nikasema safari njema, mzee. Honi ikalia. Treni ikajivuta.

Mkono ukatoka dirishani. Ukaninyofoa kofia.

"Bwege wewe!" kwa sauti, stesheni nzima ikageuka. "Kofia ya nani hiyo umevaa?"

Aliivaa yeye, juu ya ile yake. Hakucheka, lakini mdogo wake nyuma alikuwa anacheka mpaka kajishika. Treni ikaenda. Nilitembea kuifuata hatua kadhaa, nikasema kwa nguvu, "Naam, mkwe." Sidhani kama alisikia.

Asha alinishika mkono kurudi. Tulipita sokoni, kibandani, kila mtu ananiona kichwa wazi na kipara changu. Hakuna aliyeuliza. Wangeuliza ningewaambia ilivyokuwa, neno kwa neno.

Ndoa ipo, mwezi wa nane. Sijanunua kofia nyingine.